Ileksi: Mti wa Mtoni Ambao Mkulima wa Parachichi Asiukate



Leo tunaacha kidogo habari za viuatilifu na bei ya parachichi, tunashuka bondeni pale unapochota maji. Somo hili nimewaandikia hasa vijana wa hapa Kifanya na kata za jirani ambao mmepanda Hass juu ya bonde na mnategemea kijito kimoja kuvuka kiangazi. Wengi wenu mna pampu nzuri, mna mipira, wengine mmeshafunga mfumo wa matone. Lakini nikiuliza, "Kingo za kijito chako zina miti gani?", jibu huwa ni moja tu: "Kuna vichaka vichaka, bwana shamba."

Ndani ya hivyo vichaka vichaka kuna mti mmoja nataka leo uufahamu kwa sura. Ukiufahamu hutaukata, na pengine utauotesha.

Ni mti gani huu?

Jina lake la kisayansi ni *Ilex mitis*. Majina ya kienyeji hutofautiana kutoka kijiji hadi kijiji, kwa hiyo kwenye somo hili tutauita ileksi. Ni mti wa asili wa Afrika. Unapatikana kuanzia Afrika Magharibi, Ethiopia, ukishuka nyanda za juu za Afrika Mashariki mpaka Afrika Kusini, na hata Madagaska. Kwetu nyanda za juu kusini unapenda sehemu mbili: misitu ya asili ya milimani yenye unyevu, na kando ya vijito.

Ni mti wa kijani mwaka mzima, haupukutishi majani yote kiangazi. Ukiwa mahali pazuri unaweza kufika mita 20 na zaidi. Dalili za kuutambua ni hizi:

1. Gamba ni la kijivu, mara nyingi kijivu cha kuelekea weupe, lenye vidoa vidogo vilivyoinuka.

2. Majani yanang'aa, yana ncha, na hukaa moja moja kwenye kitawi kwa kupishana, hayakai mawili mawili yakitazamana. Pitisha kidole katikati ya jani upande wa juu, utaona mshipa wa kati umezama kama mfereji mdogo.

3. Vikonyo vya majani mara nyingi vina wekundu au zambarau, hasa kwenye majani machanga. Hii ndiyo dalili inayowasaidia wengi.

4. Maua ni madogo, meupe, yana harufu nzuri, na huota pale jani linapoungana na kitawi.

5. Matunda ni madogo ya mviringo, yakiiva yanakuwa mekundu na hukaa kwa wingi kwenye vitawi. Ndege wanayapenda sana.

6. Povu. Chukua majani mabichi, yafikiche kwa maji kidogo, yatatoa povu kama sabuni. Huko Afrika Kusini watu waliyatumia majani haya kuogea.

Angalizo: usitumie povu peke yake. Ipo mimea mingine inayotoa povu, na mingine ina sumu. Ziwepo angalau dalili nne kati ya hizo sita ndipo useme huu ni ileksi. Na matunda yake tuwaachie ndege, watoto wasiyale.

Jambo lingine la kujua mapema ni kwamba mti huu una dume na jike kama mpapai. Maua ya kiume yako kwenye mti wake na ya kike kwenye mti wake, na ni jike tu linalozaa. Kwa hiyo ukiona ileksi isiyo na tunda hata moja miaka yote, usiseme mti umeharibika. Huenda ni dume, na bila hilo dume jirani zake wasingezaa.

Ndugu zake duniani

Ukoo wa ileksi ni mkubwa, una mamia ya aina. Kule Amerika ya Kusini yuko ndugu yake anayeitwa *Ilex paraguariensis*. Majani yake ndiyo yanayotengeneza kinywaji cha mate, na Argentina, Brazili na Paraguai wanamlima kibiashara kama sisi tunavyolima chai hapa Njombe. Najua ukisoma hapo utaniuliza, "Kwa nini na sisi tusichemshe huu wetu?" Hapana. Ni aina nyingine kabisa, usiujaribu kama chai.

Ndugu ninaotaka tujifunze kwao wako kwenye visiwa vya bahari ya Atlantiki. Kwenye visiwa vya Kanari na Madeira kuna *Ilex canariensis*, na *Ilex perado* yupo huko na kwenye visiwa vya Azores pia. Ni miti ya kijani mwaka mzima inayoota kwenye misitu ya milimani yenye ukungu mwingi. Msitu wa Garajonay katika kisiwa cha La Gomera uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1986, na ule wa Madeira mwaka 1999.

Hiyo inamhusu nini mkulima wa Kifanya? Inamhusu sana. Madeira ni kisiwa chenye miteremko mikali kuliko hata ya kwetu. Wakulima wake wa ndizi, zabibu na, zamani, miwa walitegemea maji yanayotoka milimani ulipo msitu. Walichimba mifereji myembamba ya kuzungukia milima, inaitwa levada, na leo urefu wake ukijumlisha yote ni zaidi ya kilomita 1,000. Kazi ya mifereji hiyo ilianza tangu karne ya 15. Shamba liko chini, msitu uko juu, na mfereji unaunganisha. Ukungu unapopita kwenye msitu ule, majani yanaunasa, matone yanadondoka, ardhi inanyonya, chemchemi inapata chakula. Mfereji hata uwe mzuri kiasi gani hauna faida kama juu yake hakuna kinachotunza maji.

Sisi nasi tuna ukungu, tuna mabonde, tuna wakulima wa matunda. Tofauti ni kwamba msitu wetu wa kandokando ya maji umekatwa vipande vipande, na kijiji kimoja unaweza kukuta ileksi chache tu zimebaki pale ambapo jembe halikufika.

Je, ileksi "inaleta maji"?

Hapa nataka tuelewane, maana kuna maneno mengi mitaani. Hakuna mti unaotengeneza maji. Kila mti unakunywa, na ileksi nayo inakunywa. Anayekuambia panda mti fulani na chemchemi itafumuka, muulize maswali zaidi.

Ila miti ya asili ya kandokando ya mto inafanya kazi nne ambazo utaziona kwa macho:

- Inashika kingo. Mvua kubwa za Januari na Februari zinapokuja, mizizi inazuia ukingo usimomonyoke. Ukingo ukimomonyoka kijito kinatanuka, kinakuwa kifupi cha kina, na tope linaziba mdomo wa pampu yako.

- Inatia kivuli. Maji yaliyo kivulini hayapotei haraka kwa jua, na majani ya kijani mwaka mzima maana yake kivuli kipo hata Oktoba.

- Inalainisha ardhi. Majani yanayodondoka na kuoza yanaifanya ardhi inyonye mvua badala ya kuiacha itiririke juu. Maji yaliyonyonywa masika ndiyo yanayotoka taratibu kiangazi.

- Inachuja. Udongo, mbolea na mabaki ya dawa kutoka shambani vinanaswa kwenye majani na mizizi kabla ya kufika majini. Kumbuka wapo watu chini yako wanaochota maji hayo ya kunywa.

Mlingoti una tabia nyingine. Unakua haraka sana, na mti unaokua haraka unahitaji maji mengi. Ukiuweka bondeni mizizi yake ikiwa karibu na maji, unakunywa masika na kiangazi bila kupumzika. Sisemi mlingoti ni adui. Nguzo na mbao zimejenga nyumba nyingi Njombe na zimelipa ada za watoto wengi, pengine na yako. Ninachosema ni kwamba mahali pake ni juu kwenye miteremko mikavu, mbali na chanzo cha maji.

Hesabu ya mita 60

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya maji, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari. Kila nikiitaja sheria hii kwenye mkutano vijana wananuna, na ninawaelewa. Tuifanyie hesabu.

Tuseme shamba lako limepakana na kijito kwa urefu wa mita 100. Mita 100 mara 60 ni mita za mraba 6,000, yaani karibu ekari moja na nusu. Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, ekari moja inachukua miparachichi 82 hivi. Kwa hiyo unaona kama umepoteza miparachichi zaidi ya 120. Inauma, hasa kama shamba lenyewe ni ekari tatu za urithi.

Sasa tushuke pale bondeni tuangalie ardhi yenyewe. Mparachichi hautaki kukaa na miguu ndani ya maji. Udongo ukituamisha maji, ugonjwa wa kuoza mizizi unaingia, majani yanakuwa madogo na ya njano, matawi yanakauka kuanzia juu, na ndani ya misimu michache mti unakufa. Ugonjwa huo ukishaingia kwenye udongo kuutoa ni shughuli. Pili, baridi. Hewa baridi ni nzito, inateremka na kutulia bondeni. Ndiyo maana Juni na Julai unakuta barafu imeunguza miche ya chini wakati ya juu ya kilima iko salama. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hiyo ekari moja na nusu haikuwa ya parachichi tangu mwanzo. Ungezika miche pale, uinunue, uipalilie, uimwagilie, halafu uing'oe.

Usipige hesabu ya miche 120 iliyokosekana bila kupiga hesabu ya miche iliyo juu inayotegemea maji ya hapo chini. Mfano mwepesi: ekari moja yenye miche 82, kila mche ndoo moja ya lita 20, mara mbili kwa wiki. Hiyo ni lita 3,280 kwa wiki kwa ekari moja tu, na hapo miche bado midogo. Ikianza kuzaa itadai zaidi. Hayo maji yakikosekana Oktoba, wakati vitunda vinashika, hasara yake haipo kwenye ekari ya bondeni. Ipo kwenye shamba zima.

Na wewe unayeuza nje, jua kwamba mnunuzi anayedai cheti cha GLOBALG.A.P. ataangalia unapata wapi maji na unayatunzaje mazingira ya shamba. Anayevuta maji mtoni kwa ajili ya kilimo cha biashara anatakiwa pia awe na kibali cha matumizi ya maji kutoka bodi ya maji ya bonde lake. Kama hujaanza kukishughulikia, anza. Jiungeni kwenye jumuiya ya watumia maji, mtasaidiana.

Kijito kimoja, ukoo mmoja

Nieleze tukio moja la hapa kwenye eneo langu la kazi, bila majina. Vijana saba wanalima parachichi na viazi mviringo kwenye bonde moja, wote wanavuta maji kwenye kijito kilekile. Mwaka mmoja mwezi wa kumi maji yalipungua mpaka wakawa wanalala zamu kulinda pampu. Wa chini wakawatuhumu wa juu. Mpira ukakatwa usiku. Waliponiita, nusu yao walikuwa hawasalimiani.

Tulitembea na kijito kwenda juu. Karibu na chemchemi tukakuta safu za milingoti pande zote mbili, mingine imesimama kwenye tope kabisa. Mwenye milingoti ni baba mkubwa wa wawili kati ya hao vijana.

Tulipokwenda kwake alitupokea vizuri, akatupa viti, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wanangu, hii miti niliipanda nyie mkiwa darasa la tatu. Huyu hapa kasoma sekondari kwa nguzo za safu ya kwanza. Leo mnaniambia ni mibaya?"

Kijana mwenyewe aliyesomeshwa alikuwa amekaa pembeni yangu. Akainama. Akasema, "Baba mkubwa, hatusemi ni mibaya. Tunaomba tu isirudi palepale ikishavunwa."

Mzee alinyamaza sana. Mwishowe akauliza, "Na pale patakaa nini? Mkiacha wazi ng'ombe wataingia." Hilo ndilo lilikuwa swali la maana kuliko yote ya siku ile, na lilitoka kwake. Tukakubaliana safu za karibu na maji zivunwe kwa awamu zikikomaa, hela yake yote apate yeye, na vijana watoe nguvu kazi ya kukata machipukizi na kupanda miti ya asili. Safu za juu, mbali na maji, zinabaki zake.

Hayajaisha yote. Zipo safu bado zimesimama, na zamu za pampu bado zipo, sasa zimeandikwa kwenye daftari. Ila mpira haujakatwa tena. Na mzee ndiye aliyetuonyesha ileksi mbili kubwa kwenye korongo la jirani, maana alipokuwa mtoto alikuwa akitega ndege chini yake. Mbegu tulizipata hapo.

Namna ya kuotesha ileksi

*Njia ya kwanza: mbegu*

1. Tafuta miti jike kadhaa, usichukue mbegu za mti mmoja tu. Chuma matunda yaliyoiva mekundu kabisa, na mengine waachie ndege.

2. Loweka kwenye maji siku moja, yafikiche kwa mkono kuondoa nyama, suuza. Kila tunda lina mbegu kadhaa ndogo.

3. Anika kivulini siku moja hivi zikauke juu, kisha sia mapema. Usiziweke kabatini kusubiri mwaka ujao.

4. Tumia sinia au tuta dogo lenye mchanga na udongo wa msituni. Tandaza mbegu, funika kwa udongo mwembamba tu, weka kivuli, mwagilia kwa tundu laini. Pasikauke hata siku moja.

5. Vumilia. Mbegu za ukoo huu hazina haraka, kiinitete kinaendelea kukua ndani ya mbegu hata baada ya tunda kuiva. Vijana wengi wanamwaga sinia baada ya wiki sita wakidhani zimeoza. Usimwage. Endelea kutunza unyevu kwa miezi.

6. Miche ikiwa na majani mawili hadi manne ya kweli, hamishia kwenye viriba. Mchanganyiko wa udongo wa msituni, samadi iliyooza vizuri na mchanga unafaa.

*Njia ya pili: maotea*

Hii ni rahisi zaidi. Chini ya mti jike, na chini ya miti wanakopumzika ndege, huwa kuna miche iliyojiotea yenyewe. Omba ruhusa ya mwenye eneo au ya kijiji. Nenda wakati wa mvua, asubuhi au siku ya mawingu. Chukua midogo tu, ng'oa na udongo wake, funga kwenye majani mabichi au gunia bichi, na uitie kwenye viriba siku hiyohiyo. Usikombe yote. Weka chini ya kivuli kizito wiki mbili tatu, kisha punguza kivuli taratibu mpaka izoee jua.

Kupanda kando ya maji

- Wakati: mvua zikishakolea, mwisho wa Novemba hadi Januari. Mche upate muda wa kushika mizizi kabla ya baridi ya Juni.

- Nafasi: mita 3 hadi 4, kwa kupishanisha mistari. Anza na mistari miwili au mitatu ya karibu na ukingo. Eneo lililobaki ndani ya mita 60 liache lijirudie lenyewe, utashangaa vitakavyoota.

- Changanya: usipande ileksi peke yake. Changanya na mivengi na mikuyu na miti mingine ya asili inayoota kwenye mabonde yenu. Mchanganyiko unahimili magonjwa na kila mti una mizizi ya kina chake. Na kwa kuwa hujui mche upi ni dume na upi ni jike mpaka utoe maua, panda ileksi nyingi kidogo, si mmoja au miwili.

- Shimo: dogo tu la kuutosha mche. Usilime eneo lote, ukilima ukingo umeualika mmomonyoko.

- Matunzo: miaka miwili mitatu ya kwanza palilia kisahani cha mita moja kuzunguka mche na weka matandazo. Ng'ombe na mbuzi wasiingie. Moto usifike kabisa, chora njia ya moto upande wa juu.

- Baridi: miche ya mwaka wa kwanza iliyo bondeni ifunike kwa nyasi kavu usiku wa Juni na Julai.

Kama milingoti ipo tayari

Usiamke kesho na msumeno ukafyeka ukingo wote. Utaacha ardhi uchi na mvua itaibeba. Fanya hivi: ongea kwanza na ofisi ya kijiji na afisa misitu kuhusu utaratibu wa kuvuna na kusafirisha. Vuna kwa vipande, kipande kimoja kwa msimu. Panda miti ya asili kwenye kipande hicho mvua zilezile. Visiki vya mlingoti vitachipua, hiyo ni lazima, kwa hiyo pita kila baada ya wiki kadhaa ukivunja machipukizi yangali mateke mpaka kisiki kichoke. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Wanakata mara moja, wanapiga picha, wanaondoka. Baada ya mwaka kisiki kimoja kimekuwa miti minne.

Faida unayoweza kuishika mkononi

Maua ya ileksi yanapendwa na nyuki. Na parachichi bila wadudu wa kuchavusha haizai vizuri, kwa sababu ua lake hufunguka mara mbili, mara moja likiwa jike na mara ya pili likiwa dume. Nyuki ndio wanaobeba chavua kutoka ua hadi ua. Ukiwa na ukanda wa miti ya asili bondeni, weka mizinga michache pembezoni, mbali na njia ya watu na mifugo. Utapata asali, na nyuki watapanda shambani wakati Hass ikichanua. Ila usipulize dawa za wadudu maua yakiwa wazi, na usioshe bomba la dawa kijitoni. Ukifanya hivyo umejiua mwenyewe.

Maswali ninayoulizwa mara kwa mara

*Bwana shamba, mbao zake zinauzwa?* Mbao zake ni nyeupe na zimetumika kwa kazi ndogondogo, lakini usiipande kando ya maji kwa ajili ya mbao. Ukitaka hela ya mbao panda paina au mlingoti juu kwenye mteremko.

*Nitaanza kuona tofauti ya maji lini?* Ukingo kutulia na tope kupungua utaona mapema, misimu michache tu. Kiasi cha maji kinategemea mambo mengi: mvua ya mwaka huo, milingoti iliyobaki, na pampu ngapi ziko juu yako. Ndiyo maana nakutaka upime.

*Nikihifadhi mimi na jirani wa juu asipohifadhi?* Utafaidi kidogo tu. Kijito ni cha wote, kwa hiyo kikao ni muhimu kama miche. Kaeni na wazee, msiende na makelele.

Kazi ya kufanya wiki hii

1. Tembea kwenye kijito chako kutoka pampu hadi chanzo. Hesabu milingoti iliyo ndani ya mita 60. Angalia kama kuna ileksi, iwekee alama ya kamba ili mtu asiikate kwa kuni.

2. Pima maji. Tafuta mahali maji yanadondoka, au weka bomba fupi yapite humo, kinga ndoo ya lita 20 na tumia saa ya simu. Ndoo ikijaa kwa sekunde 10, hiyo ni lita 2 kwa sekunde, sawa na lita 7,200 kwa saa. Andika tarehe na jibu. Rudia kila mwezi mahali palepale.

3. Piga picha ya ukingo ulivyo leo, uihifadhi.

Daftari hilo litakusaidia kwenye maombi ya kibali, litakusaidia kwa mnunuzi, na litasaidia sana siku mtakapokaa na jirani kugombania zamu, kwa sababu mtakuwa na namba mkononi.

Ukikuta mti usioufahamu, lete kitawi chenye majani, na kama yapo maua au matunda, ofisi ya kata siku za kazi asubuhi. Tutauangalia pamoja. Somo lijalo tutarudi juu shambani, tutazungumzia kupogoa miparachichi michanga.

Kazi njema.